Bibi Anne Clifford na Urithi wa Skipton na Westmorland

Katika mwaka 1310 Mfalme Edward wa Pili wa Uingereza alimpa askari wake mmoja, Robert de Clifford, ngome ya Skipton pamoja na ardhi iliyoizunguka katika wilaya ya Craven, kaskazini mwa nchi. Hati ya kipawa hicho ilisema kwamba ardhi itakuwa ya Robert na ya warithi wa mwili wake. Haikusema warithi wa kiume. Kwa muda wa karibu miaka mia tatu upungufu wa neno hilo haukumnufaisha mtu wala kumdhuru, kwa sababu haikupata kutokea kwamba binti na ami yake waidai Skipton kwa wakati mmoja. Katika mwaka 1605 jambo hilo lilitokea. Alikufa George Clifford, mwenye cheo cha Lodi wa Cumberland, akamwacha mjane, binti mmoja wa miaka 15 na ndugu mmoja mwanamume. Ndipo hati ile ya zamani ilipofunguliwa ikasomwa upya neno kwa neno.

Binti huyo alikuwa Anne, aliyezaliwa katika ngome ya Skipton tarehe 30 Januari 1590. Alikuwa na kaka wawili, Francis na Robert, lakini wote wawili walikufa wakiwa watoto wadogo. Ami yake aliitwa Francis pia. Daawa iliyoanza baina ya watu hawa ilidumu miaka 38. Iliwachosha mahakimu, ikaingia katika nyumba ya Askofu Mkuu, ikafika mbele ya Mfalme mwenyewe, na mwisho wake haukuamuliwa na mahakama yo yote.

Yafaa kwanza ifahamike ni mali gani iliyogombewa. Ardhi katika Uingereza ya wakati ule haikuwa udongo tu. Mwenye milki alikuwa na kodi za wakulima, malisho ya kondoo, misitu na wanyama wake, mahakama ndogo za vijiji, na mara nyingi haki ya kuchagua kasisi wa kanisa. Nyumba ya Clifford ilikuwa na Skipton na mnara wa Barden katika jimbo la Yorkshire, na katika jimbo la Westmorland ilikuwa na ngome nne: Appleby, Brougham, Brough na Pendragon. Pamoja na hizo, mwenye Westmorland alirithi kazi ya kuwa msimamizi wa amri na hukumu za Mfalme katika jimbo lote, kazi ambayo katika majimbo mengine Mfalme alimpa mtu kwa mwaka mmoja akampa mwingine mwaka wa pili. Nchi yenyewe ni ya vilima, mvua na baridi. Hakuna aliyeigombania kwa sababu ya rutuba yake.

Na Westmorland hii iliingia katika nyumba ya Clifford kwa mkono wa mwanamke. Mfalme John aliitoa mwaka 1203 kwa mtu aitwaye Robert de Vieuxpont. Ukoo wa Vieuxpont uliishia kwa mabinti wawili, Isabella na Idonea, wakagawana urithi wa baba yao. Isabella aliolewa na Roger de Clifford, na mtoto wao ndiye Robert aliyepewa Skipton. Hata fungu la Idonea nalo lilikuja likaangukia kwa Clifford baadaye. Kwa hiyo, mtu aliyesema mwaka 1605 kwamba ardhi ya Clifford haiwezi kushikwa na mwanamke alikuwa akiukata mzizi wa mti alioukalia.

Msomaji aliyezoea maneno mirathi na wasia kwa maana yake katika sheria ya Kiislamu imempasa kuyatua kando kidogo, kwa kuwa sheria ya Kiingereza ilikwenda njia nyingine kabisa. Kama George angalikuwa Mwislamu wa pwani ya Afrika Mashariki, kadhi angaliimaliza kazi yake upesi: baada ya kulipa madeni, mjane apate thumni, binti apate nusu, na ndugu wa marehemu achukue thumni tatu zilizobaki. Kila mmoja angalipata kitu, na milki ingalikatika vipande vitatu. Waingereza waliogopa sana kukatika huko. Katika sheria yao mwana wa kiume wa kwanza alichukua ardhi yote, na wadogo zake walipata kile walichopewa kwa hisani. Pasipokuwapo mwana wa kiume, mabinti waligawana sawasawa; na akiwa binti ni mmoja, alichukua yote. Ndugu wa marehemu hakuwa na fungu maadamu yuko mtoto, ijapokuwa mtoto huyo ni wa kike. Hili watu wengi hulisahau wakidhani kwamba sheria ya zamani ya Uingereza ilimfungia mwanamke kila mlango. Katika jambo hili ilimpendelea binti kuliko ami.

Vyeo, lakini, vilikuwa na kanuni yake. Cheo cha Lodi wa Cumberland kilitolewa na Mfalme Henry wa Nane mwaka 1525, na barua yake ilitaja warithi wa kiume. Basi George alipokufa, cheo kilimwendea ndugu yake Francis papo hapo, wala Anne hakukidai. Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Ikiwa cheo kimekwenda kwa ami na ardhi imekwenda kwa binti, ami atakuwa lodi wa nini? Lodi asiye na ardhi ni kama nahodha asiye na chombo.

George aliiona taabu hiyo mapema akataka kuiepusha. Alikuwa mtu wa fahari na wa bahari. Alikuwa mpiganaji wa Malkia Elizabeth katika michezo ya mikuki, na kwa gharama yake mwenyewe alituma merikebu nyingi kuwinda merikebu za Wahispania. Mwaka 1598 aliuteka mji wa San Juan katika kisiwa cha Puerto Rico, akashindwa kuushika kwa sababu ya maradhi yaliyowapata watu wake. Merikebu yake kubwa kuliko zote iliuzwa kwa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, ikabadilishwa jina ikaitwa Red Dragon, nayo ndiyo iliyoongoza safari ya kwanza ya Kampuni hiyo katika Bahari ya Hindi mwaka 1601. Safari hizi zilimpa George jina kubwa na madeni makubwa zaidi. Pengine alidhani kwamba ndugu yake, mwanamume aliyekwisha kukomaa, angeweza kuyabeba madeni hayo kuliko msichana wa miaka 15. Pengine pia aliathiriwa na mfarakano wake na mkewe, kwa kuwa miaka ya mwisho walikuwa wakiishi mbalimbali. Lo lote liwalo, katika wasia wake alimwachia Francis ardhi yote, akamwachia Anne paundi 15,000, na akaongeza sharti moja: kama uzao wa kiume wa Francis utakatika, ardhi irudi kwa Anne.

Swali la sheria likawa hili: je, George alikuwa na uwezo wa kuiusia ardhi ile? Hati ya mwaka 1310 ilikuwa ya namna ambayo wanasheria wa Kiingereza huiita kwa neno lenye maana ya kukata au kufunga. Ardhi iliyofungwa haikuwa mali ya mtu mmoja, bali ni mali ya kizazi. Aliyeishika aliitumia maisha yake, akala matunda yake, lakini mti wenyewe haukuwa wake kuuza wala kuusia. Mawakili walikuwa wamebuni hila ya kukifungua kifungo hicho: mwenye ardhi hushitakiwa na rafiki yake kwa daawa ya uongo, hujiacha akashindwa, na ardhi hutoka mahakamani ikiwa huru. Mahakimu waliijua hila hiyo wakaikubali. Lakini sheria moja ya wakati wa Henry wa Nane ilisema kwamba, ikiwa ardhi ilitolewa na Mfalme, na kizazi kikikatika itarudi kwa Mfalme, basi hila hiyo haina nguvu juu yake. Mawakili wa Anne walidai kwamba Skipton ni ardhi ya namna hiyo. Kwa hiyo kifungo hakikufunguka, na wasia wa George ulitoa kitu ambacho hakikuwa chake.

Kuisimamisha hoja hiyo kulihitaji karatasi, na karatasi zilitafutwa na mama. Margaret Russell, mjane wa George, aliianza daawa kwa niaba ya binti yake mwaka 1606, akatuma watu wenye elimu ya maandishi ya kale waende katika hazina za serikali kunakili kila hati, kila hukumu na kila orodha ya kodi iliyowataja Vieuxpont na Clifford. Kazi hiyo iliendelezwa na Anne miaka mingi baadaye, mpaka ikawa vitabu vikubwa vilivyoandikwa kwa mkono katika nakala tatu, vyenye historia ya nyumba hiyo kwa muda wa miaka mia tano. Ni vitabu vya daawa, na mtu avisomaye inampasa akumbuke kwamba vilikusanywa ili kuthibitisha jambo moja. Hata hivyo mwanahistoria wa Uingereza ya kaskazini hawezi kuvipita. Katika hati zilizokusanywa kwa ajili ya kugombea shamba hupatikana mambo ya wakulima, bei, vita na ndoa ambayo hakuna mtu angalijisumbua kuyaandika kwa ajili ya elimu tu.

Tarehe 25 Februari 1609 Anne aliolewa na Richard Sackville, ambaye siku mbili baadaye baba yake alikufa, naye akawa Lodi wa Dorset. Makao yake yalikuwa Knole, nyumba kubwa sana katika jimbo la Kent, kusini, mbali na vilima vya Westmorland. Dorset alikuwa kijana mzuri wa umbo, mkarimu, mpenda mavazi, na mcheza kamari. Alihitaji fedha taslimu kila siku ya Mungu, na daawa ya mkewe aliiona kama kisima cha fedha kilichofunikwa.

Sheria ya ndoa ilimpa mume nguvu nyingi. Ardhi ya mke ilikuwa mikononi mwake muda wote wa ndoa, akapokea kodi zake bila kumwuliza. Lakini kuitoa ardhi hiyo moja kwa moja hakuweza, ila kwa ridhaa ya mke, nayo ilipasa itolewe mbele ya mahakimu, mke akiulizwa faraghani kama hakulazimishwa. Uzi huo mwembamba ndio uliokuwa ulinzi wote wa Anne. Ami yake alikuwa tayari kulipa ili apate amani, mume wake alikuwa tayari kupokea, na mahakimu walikuwa tayari kuandika. Kilichokosekana ni neno la mwanamke mmoja wa miaka 26.

Basi wote wakamwandama. Mwezi wa Februari 1616 Askofu Mkuu wa Canterbury, George Abbot, alizungumza naye muda mrefu akimsihi na kumtisha. Anne alijibu kwamba hawezi kutia sahihi kabla hajaonana na mama yake, akasafiri mpaka Brougham. Mama na binti waliagana njiani tarehe 2 Aprili, na mwezi uliofuata mama akafa, hawakuonana tena. Wakati huohuo Dorset aliagiza mtoto wao wa pekee, Margaret, ambaye hajatimiza miaka miwili, atolewe kwa mama yake apelekwe kwingine. Mwaka uliofuata alilifuta fungu ambalo Anne angalipata kama angalifiwa na mume. Anne aliyaandika mambo haya katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku, na hayakuandikwa kwa kelele. Siku moja huandika kwamba mtoto amechukuliwa. Siku ya pili huandika alivyoshona, alivyocheza karata na nani, na mume wake alivyokwenda kutazama mbio za farasi. Ajabu ni kwamba hakumchukia Dorset. Mara kwa mara humsifu kwa akili na wema wake, akawalaumu zaidi watu waliomzunguka.

Mwezi wa Januari 1617 aliitwa mbele ya Mfalme James. Mke wa Mfalme, Malkia Anne, alikuwa amemwonya kwa siri asiliache jambo lake lote katika mikono ya Mfalme. Tarehe 18 Mfalme aliwatoa watu wote chumbani, akawaacha mume na mke wamepiga magoti kando ya kiti chake, akawataka waikabidhi daawa kwake aiamue apendavyo. Dorset akakubali. Anne akaomba radhi, akasema kwamba Westmorland hataiacha maadamu yu hai, kwa sharti lo lote. Mfalme akambembeleza, kisha akamkaripia. Jibu likawa lilelile. Siku mbili baadaye aliitwa tena, na safari hii walikuwapo ami yake, mwana wa ami yake Henry, mahakimu wakubwa na malodi kadhaa. Wote waliulizwa kama watakubali hukumu ya Mfalme, na wote wakaitikia ila yeye. Mfalme alighadhibika hata wakaona ni heri Anne atolewe chumbani asije akaaibishwa. Miongoni mwa malodi waliolitazama tukio hilo alikuwamo Philip Herbert, ambaye baada ya miaka 13 atakuwa mume wake wa pili.

Haikosi msomaji atauliza Anne alitumainia nini. Mfalme wa wakati ule ndiye aliyekuwa chemchemi ya hukumu zote, na kumkatalia uso kwa uso halikuwa jambo la kawaida hata kwa wanaume. Jawabu lipo katika ile ridhaa. Hukumu ya Mfalme ingeweza kumfunga Dorset aliyeikubali, na kwa kupitia kwake kumnyima Anne ardhi kwa muda wote wa ndoa. Lakini maadamu yeye mwenyewe hakuikubali wala hakutia sahihi, haki yake ililala tu, haikufa.

Mwezi wa Machi 1617 hukumu ikatoka. Ardhi yote, Skipton na Westmorland pia, ilipewa Francis na baada yake mwanawe Henry na uzao wao wa kiume, na Dorset akaandikiwa fidia ya paundi 17,000. Sharti la wasia wa George halikufutwa: uzao wa kiume ukikatika, ardhi itarudi kwa Anne. Kwa Francis sharti hilo lilionekana jepesi, maana mwanawe alikuwa kijana mwenye afya na ameoa. Fidia ilipotea katika mikono ya Dorset kama maji katika mchanga. Alikufa mwaka 1624, akimwacha Anne na mabinti wawili. Wana wa kiume watatu waliomzalia walikufa wachanga.

Miaka iliyofuata haina mengi ya kusimulia. Mwaka 1630 Anne aliolewa na Philip Herbert, Lodi wa Pembroke na Montgomery, mtu mkali wa hasira. Wana wawili walizaliwa wakafa, na baada ya miaka michache mume na mke wakaishi mbalimbali. Mwaka 1628, na tena mwaka 1632, alituma watu wake kaskazini wakaidai ardhi kwa utaratibu wa sheria, ili isije ikasemwa kwamba alinyamaza. Hakuna aliyewajali. Ami yake Francis alikufa mwaka 1641 akiwa mzee. Henry, mwana wa Francis, alikufa mwezi wa Desemba 1643, katikati ya vita vya Mfalme na Bunge. Wana wake wa kiume walikuwa wamemtangulia kaburini. Alimwacha mtoto mmoja tu, binti, aitwaye Elizabeth.

Hivyo Anne alishinda. Lakini ushindi wake watakiwa kutazamwa pande zote mbili. Elizabeth Clifford alikuwa katika hali ileile aliyokuwa nayo Anne mwaka 1605: binti wa pekee wa Lodi wa Cumberland, aliyekufa bila mwana. Safari hii binti hakupata ngome ya baba yake, bali ilikwenda kwa binamu ya baba. Anne angalijibu kwamba ngome haikuwa kamwe mali ya baba yake Elizabeth, na kwa mujibu wa hati ya 1310 jibu hilo ni kamili. Elizabeth alibaki na sehemu nyingine za mali ya nyumba, nazo ni Bolton Abbey na Londesborough. Aliolewa na Richard Boyle, na kwa ndoa ya binti wa kitukuu wao mmoja katika mwaka 1748 Bolton Abbey iliingia katika nyumba ya Cavendish, malodi wa Devonshire, ambao jina lao lipo juu ya ardhi hiyo hata sasa. Nayo iliingia kwao, kama Westmorland ilivyoingia kwa Clifford, kwa mkono wa mwanamke.

Vita vilimzuia Anne kwenda kuishika milki yake mpaka mwaka 1649. Alifika Skipton mwezi wa Julai akiwa na miaka 59, akakuta ngome imebomolewa. Ilikuwa imehusuriwa miaka mitatu ikasalimu amri mwaka 1645, kisha Bunge likaamuru ivunjwe isitumiwe tena kwa vita. Ngome nyingine zilikuwa magofu. Rafiki zake wa London walimshauri asitumie fedha kujenga vitu ambavyo serikali ya Cromwell ingeweza kuvivunja tena. Hakuwasikiliza. Alianza kujenga, na kazi hiyo haikusimama kwa muda wa miaka zaidi ya kumi: Skipton, Appleby, Brougham, Brough, Barden, na mwisho Pendragon, iliyokuwa haina paa tangu zamani. Alitengeneza makanisa pia, na katika Appleby alijenga nyumba ya wajane 12 na mkubwa wao mmoja, akaiwekea ardhi ambayo kodi yake ni kwa matumizi yao. Msomaji wa pwani angaliiita wakfu bila kukosea sana. Juu ya majengo yake aliweka mawe yenye maandishi yanayotaja jina lake, vyeo vyake, na mwaka. Huko Skipton alipanda mti uani mwaka 1659, nao ungalipo.

Baada ya hapo aliishi akihama kutoka ngome hata ngome, miezi kadhaa hapa na miezi kadhaa pale, na msafara wa watumishi, magari na kitanda chake. Wengine waliona ni kiburi cha kizee. Lakini mtu aliyenyimwa nyumba kwa miaka 38 kwa kuwa hakuwamo ndani yake, yaeleweka kwa nini alitaka aonekane katika kila moja.

Hapa, hata hivyo, yapasa kuwataja watu ambao katika masimulizi mengi ya daawa hii hawatajwi, nao ni wakulima. Katika Westmorland wakulima walikalia ardhi kwa desturi ya tangu na tangu. Babu zao walikuwa na wajibu wa kutoka na silaha kuulinda mpaka Waskoti wanapovuka. Kwa malipo ya hatari hiyo kodi yao ilikuwa ndogo na isiyopanda, na mwana aliweza kumrithi baba yake shambani kwa kulipa kilemba. Mwaka 1603 Mfalme wa Uskoti akawa Mfalme wa Uingereza pia, na wenye ardhi wakaanza kusema kwamba mpaka haupo tena, kwa hiyo na desturi haipo. Wakulima wakapinga, na mwaka 1625 wale wa upande wa Kendal walipata hukumu mahakamani iliyowathibitishia haki yao. Bibi Anne alipofika aliwakuta watu wake wakishindana naye juu ya kodi na vilemba, akawashitaki, na mashitaka hayo yakaendelea kwa miaka mingi. Yeye aliyemshinda Mfalme kwa neno la hati, sasa alikabiliwa na watu wasio na hati, wenye kumbukumbu za wazee tu. Wala haionekani kwamba kufanana kwa mambo hayo mawili kulimpitia moyoni. Husimuliwa kwamba mfanya biashara mmoja tajiri wa Halifax, aliyekuwa na shamba la Skipton kwa malipo ya kuku mmoja kila mwaka, alikataa kumtoa kuku huyo. Bibi Anne alimshitaki kwa gharama ya mamia ya paundi, akashinda, kisha akamwalika mezani, na kuku yule akapakuliwa. Watu huisimulia hadithi hiyo kwa kucheka. Kwa mfanya biashara tajiri ni mzaha. Kwa mkulima wa kilimani daawa ya namna hiyo ilikuwa ni kufilisika.

Alikufa Brougham tarehe 22 Machi 1676, akiwa na miaka 86, katika chumba alichozaliwa baba yake na alichofia mama yake. Alizikwa Appleby, katika kaburi alilolijenga mwenyewe, ambalo juu yake hakuna sanamu ya mtu, ila ngao 24 za nasaba yake zikieleza nani alioana na nani tangu siku za Mfalme John. Ardhi ilimwendea binti yake Margaret, yule aliyechukuliwa akiwa mtoto, aliyekuwa mjane wa Lodi wa Thanet. Naye akafa mwaka uleule. Kisha wajukuu wa kiume wakaishika mmoja baada ya mwingine. Ngome zilizojengwa kwa gharama kubwa hawakuwa na haja nazo zote, na mwaka 1714 mbao na risasi za paa la Brougham ziliuzwa. Cheo cha Thanet kilikatika mwaka 1849. Skipton yenyewe ilitoka katika mikono ya watu wa nyumba hiyo mwaka 1956. Westmorland ilikoma kuwa jimbo peke yake mwaka 1974. Sheria iliyompendelea mwana wa kwanza juu ya ardhi isiyo na wasia ilifutwa mwaka 1925, ingawa vyeo vingi vya malodi bado hufuata uzao wa kiume.

Kitabu cha kumbukumbu alichokiandika Anne huko Knole kilipigwa chapa mwaka 1923 na mwandishi Vita Sackville-West, aliyekuwa mzaliwa wa nyumba hiyohiyo na mtoto wa pekee wa lodi wake. Baba yake alipokufa mwaka 1928, cheo na Knole vilikwenda kwa ami yake.

Mahali Anne alipoagana na mama yake mwaka 1616, karibu na Brougham, alisimamisha nguzo ya jiwe mwaka 1656, akaamuru kwamba kila tarehe 2 Aprili paundi 4 zitolewe kwa maskini wa mtaa ule. Nguzo imesimama hata leo kando ya barabara kuu ya Penrith, na ubavuni mwake iko meza ndogo ya jiwe zilipowekwa fedha hizo.